Ushuru wa Gari, Pokea Heshima Yako

Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, hata tambuu ina beti zake. Ushuru wa kununua gari, hasa gari lenye injini kubwa na mbio za kutisha, haujaimbiwa hata kibwagizo. Kila anayeutaja anatanguliza msonyo. Leo nauvunja mwiko huo, tena bila kulipwa na mamlaka yoyote ya mapato, kwa sababu nimechunguza nikaona tumekuwa wezi wa fadhila. Tunawasifu wahandisi wa Japani na Italia kwa magari yanayotukosesha usingizi, kumbe nusu ya kazi ilifanywa na karani aliyekaa na rula, akachora mstari kwenye jedwali na kusema: chini ya hapa utalipa kidogo, juu ya hapa utalia.

Tuanzie Italia, maana huko ndiko fadhila yake ilikong'aa zaidi. Nchi iliyowazaa Ferrari na Lamborghini, ambayo mtu angetarajia iwape watengenezaji hao kila upendeleo, iliamua kuyatoza magari yenye injini inayozidi cc 2,000 kodi ya ongezeko la thamani iliyofika asilimia 38, takriban mara mbili ya ile ya magari madogo. Ferrari wakafanya anachofanya kila mwananchi mwenye akili: wakapunguza. Mwaka 1975 walitoa 208 GT4, yenye injini ya silinda nane iliyokamuliwa mpaka ikaishia cc 1,991. Mwaka 1980 ikaja 208 GTB yenye nguvu za farasi 155, umbo la simba, sauti ya simba, mbio za mbuzi aliyeshiba. Tajiri wa Milano alilipa pesa nyingi ili apitwe barabarani kwa heshima.

Lakini subiri uone. Sheria ilipima ujazo wa silinda. Kuhusu hewa inayosukumwa ndani ya silinda haikusema neno. Mwaka 1982 Ferrari wakaifunga turbo injini ile ile ndogo, nguvu zikapanda mpaka farasi 220, na kodi ikabaki palepale. Hiyo ndiyo Ferrari ya kwanza ya barabarani kuwa na turbo. Miaka miwili baadaye ikafuata 288 GTO, na mwaka 1987 ikaja F40, ambayo hadi leo picha yake imebandikwa kwenye kuta za vyumba vya vijana wasiojua hata clutch iko mguu upi. Zote za turbo. Sitadai kwamba karani wa Roma ndiye baba wa F40, ila siku ya harusi yake alistahili kiti cha mbele.

Waingereza walimtangulia. Mwaka 1921 walianza kutoza pauni moja kwa kila nguvu ya farasi, na farasi hao hawakuhesabiwa kwa kupima injini inavyovuta, bali kwa kanuni iliyotazama upana na idadi ya silinda. Urefu haukuulizwa. Wahandisi wakatengeneza silinda nyembamba zenye mwendo mrefu, na Ford T ya Kimarekani, yenye silinda nene, ikajikuta inalipishwa kama lori. Utaratibu huo ulidumu mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kizazi kizima cha magari ya Kiingereza kilikuwa na umbo la fomu ya kodi.

Japani nayo ina ngazi yake: kodi ya kila mwaka hupanda takriban kwa kila cc 500, na chini kabisa kuna kundi la vigari vya cc 660 vinavyobembelezwa kwa kila namna. Usivicheke. Mwaka 1993 Patrick Njiru aliingia Safari Rally na Subaru Vivio, kigari cha kundi hilo hilo, akapita nacho kwenye vumbi na mawe ya Kenya mpaka mwisho na kushinda katika daraja lake. Kigari kilichozaliwa ili kumpunguzia kodi mama wa Kijapani anayekwenda sokoni kikafika mwisho wa mashindano yaliyovunja magari ya wakubwa.

Halafu kuna injini ya Subaru Impreza, ile ya turbo ambayo vijana wetu wanaijua kwa mngurumo kabla hawajaiona. Ina cc 1,994. Zimebaki sita tu kufika 2,000. Sita! Vijiko viwili vya chai vikijaa, mstari umevukwa. Na uzuri ni kwamba mstari uliochorwa Tokyo unamfaa kijana wa Kinondoni, kwa sababu Tanzania nayo ina mstari wake hapo hapo: ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini ya cc 1,001 hadi 2,000, na asilimia 10 ikizidi. Makarani wawili wasiojuana, bahari nzima katikati yao, wameshirikiana kumpunguzia kijana yule asilimia tano. Ni nani mwingine amewahi kumfanyia hisani kama hiyo?

Kama huamini ufundi wa ushuru, fungua kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) usiku, watoto wakishalala na mwenzako akidhani unamalizia kazi za ofisi. Unachagua aina ya gari, mwaka, nchi linakotoka, ukubwa wa injini. Hakikuulizi umenunua kwa bei gani. Kina bei yake, na hakina muda wa kubishana na wewe. Tuseme kimelithamini gari, pamoja na nauli ya meli na bima, kwa dola 10,000. Injini inazidi cc 2,000 na umri umepita miaka kumi, kama yalivyo karibu yote yanayotamanika. Ushuru wa forodha asilimia 25: dola 2,500. Juu ya jumla hiyo, ushuru wa bidhaa asilimia 10: dola 1,250. Kisha uchakavu, asilimia 30: dola 3,750. Mwisho VAT ya asilimia 18, ambayo haiwekwi kwenye gari peke yake bali kwenye gari pamoja na kodi zote zilizotangulia: dola 3,150. Jumla dola 10,650, na hapo tozo ndogondogo za reli na forodha hazijapiga hodi, wala usajili. Umenunua magari mawili. Moja utaliendesha, la pili limebaki dirishani.

Tazama kodi hiyo ya uchakavu kwa utulivu, maana ina adabu yake. Kwenye daladala mzee hupishwa kiti. Bandarini gari mzee hulipishwa kwa kosa la kuishi. Skyline au Supra ya miaka ya tisini, ambayo Mjapani ameifuta vumbi kila Jumapili na kuipaka nta, inahesabiwa chakavu kuliko kibasi cha miaka saba kilichokwangua kila ukuta wa Osaka. Wanaolalamika hawaelewi. Ushuru hautazami rangi wala moyo. Unatazama mwaka wa kutengenezwa, na kwa hilo ni hakimu asiyehongeka.

Wenzetu wa Kenya hawamlipishi mzee. Wanamfungia mlango: gari lililopita miaka minane haliingii. Kwa yale yanayoingia, mstari wao mkubwa uko kwenye cc 1,500. Chini yake ushuru wa bidhaa ni asilimia 20, juu yake 25, na petroli ikizidi cc 3,000 inafika 35. Ukitaka kuuona mstari huo kwa macho, usiende kwenye vitabu vya sheria. Simama kando ya barabara ya Mombasa saa moja asubuhi. Vitz, Demio, Note, Fielder, Probox, zote zimejibana chini ya 1,500 kama abiria wanaomkwepa kondakta. Na hapa ndipo ushuru ulipofanya muujiza wake mwingine. Mkenya aliyenyimwa gari la mbio hakuacha mbio. Alilifanya gari la mbio lile alilobakiziwa. Probox iliundwa Japani kubeba maboksi na watu wa mauzo wenye tai. Ipe mzigo wa miraa kutoka Meru, mpe dereva anayejua kwamba majani yanakauka, halafu ukae pembeni. Mwenye gari la Kijerumani la milioni nyingi huwasha indiketa na kupisha.

Sasa twende Denmark, kwa maana ukisifu ushuru bila kuitaja Denmark ni kama umesifu karafuu ukaisahau Pemba. Kule walianza mwaka 1924, wakati gari lilikuwa anasa, na hawakuona sababu ya kubadili mawazo. Kwa miongo mingi kiwango cha juu cha ushuru wa usajili kilikuwa asilimia 180, kikitozwa juu ya bei ambayo tayari ina VAT ya asilimia 25. Siku hizi wamelegea: kuna ngazi za chini za asilimia 25 na 85, na ya juu imeshuka mpaka 150. Kushuka mpaka 150! Kwa huruma kama hiyo mtu anaweza kutokwa na machozi.

Matunda yake yanaonekana Copenhagen. Mwanasheria anakwenda mahakamani kwa baiskeli, mvua ikinyesha, na wageni wanaandika makala za kusifu jinsi watu wale wanavyoyapenda mazingira. Mapenzi hayo nisiyapinge. Ila nayo yalikuwa na msaidizi. Wasiotaka baiskeli wamefundishwa ubunifu. Gari la mizigo hulipa ushuru mdogo na hupewa namba za njano, basi utaona gari kubwa la kifahari limeng'olewa viti vya nyuma, mwenyewe amekaa mbele peke yake kwenye ngozi laini, na kwa nyaraka yeye ni mbeba shehena. Na katika nchi hiyo hiyo, kwenye mji mdogo wa Præstø, tangu mwaka 2004 kuna kampuni iitwayo Zenvo inayotengeneza magari ya nguvu za farasi zaidi ya elfu moja. Njaa ndiyo inayomfanya mtu aote pilau.

Norway walicheza mchezo wa ndani zaidi. Waliyabana magari ya petroli kwa miaka, wakayaachia ya umeme bila kodi nyingi zile. Mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kumi mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme. Mapema tu, Septemba 2013, gari lililouzwa kuliko yote nchini humo lilikuwa Tesla Model S. Yaani mama anayempeleka mtoto chekechea, mkate na maziwa vikiwa kwenye buti, taa ikiwaka kijani anaweza kuiacha nyuma ile Ferrari ya farasi 155, tena bila kelele. Ushuru uliofukuza mbio mlangoni uliziingiza dirishani, na mimi naona hilo ni ukarimu.

Singapore siwezi kukaa sana, ni ghali hata kwa sentensi. Tangu mwaka 1990 kununua gari pekee hakutoshi. Unashindania kwanza cheti cha kuruhusiwa kuwa nalo kwa miaka kumi, na Oktoba 2023 cheti cha magari makubwa kilifika dola 150,001 za kwao. Gari halimo humo. Ushuru wa usajili unakuja pembeni, na kwa magari ya thamani kubwa ngazi ya juu ni asilimia 320. Cheti cha bei nafuu kinadai injini isiyozidi cc 1,600 na kilowati 97, kwa hiyo watengenezaji wakubwa wa Ulaya hupunguza makali ya injini zao makusudi, nembo ibaki, nguvu ziende. Miaka kumi ikikaribia, mwenyewe huliondoa gari likiwa bado linang'aa, na baadhi hupakiwa meli na kuja kwetu wanaoendesha kushoto. Kwa hiyo ukiona gari safi la Singapore linashushwa Dar es Salaam, fahamu kwamba limekimbia ushuru mmoja likaangukia kwa mwingine.

Na penye ushuru mdogo, je? Nina binamu Muscat, Mswahili wa damu kama mimi. Kule forodha ni asilimia 5, na VAT ya asilimia 5 imeanza mwaka 2021 tu. Anabadilisha Patrol ya V8 kama mimi ninavyobadilisha betri. Alipokuja Unguja likizo aliitazama IST yangu akacheka mpaka akakaa chini. Nilimwacha acheke. Nikamuuliza gari lake lina cc ngapi, hakujua. Mimi najua za kwangu, za jirani, na za kila gari lililoegeshwa msikitini. Naweza kukutajia mwaka, daraja la ushuru na hasara ya kuvuka mstari. Mtu ambaye hajawahi kunyimwa hana elimu hiyo.

Wapo watakaonikatiza hapa waniulize kuhusu mashangingi. Ushuru wa kuzuia injini kubwa umefika wapi, ikiwa msafara wa mheshimiwa una Land Cruiser nane, kila moja na V8 ya dizeli ya cc 4,461? Swali la kichokozi. Magari yale hununuliwa kwa fedha za umma, ambazo ndizo hizo hizo dola 10,650 zetu, na mtu hawezi kujitoza mwenyewe akaona uchungu. Waheshimiwa wamekubali kuubeba mzigo wa cc nyingi kwa niaba yetu, wakapanda huku vioo vimefungwa ili tusitamani. Sisi tumeachiwa uchumi wa mafuta. Ni nani aliyependelewa zaidi, basi? Jibu ninalo, lakini sifa haziruhusu nilitaje.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, meli ikishatia nanga na wakala wako akapiga simu kwa ile sauti ya kufiwa, usimnunie karani. Huyo ndiye aliyechagua gari lako, rangi tu ndiyo uliyochagua mwenyewe. Mpe shikamoo hata kama ni mdogo wako, lipa kwa kumbukumbu namba uliyopewa, na usiondoke bila kudai risiti.