Shimo la Mhanga

Chini ya majabali ya Mlimwa, pale udongo mwekundu wa Dodoma unapopasuka kwa kiangazi, Mhanga alichimba usiku kucha akitafuta mchwa. Alfajiri aliliacha shimo, akaenda kuanza jingine. Ngiri akahamia humo bila hodi. Nungunungu akaitoboa njia yake mpaka kwa Ngiri, Nyegere akafuata, Kicheche naye. Miaka ilipopita, kijiji kizima kikawa kinapita chini kwa chini kwenda kwenye ghala la uwele, na hakuna aliyewahi kumwuliza Mhanga kama amekula.

Wazee walimwogopa Fisi. Kila baada ya mavuno walichangisha debe kwa debe ili kuongeza miiba ya migunga langoni, mpaka lango likampita Twiga. Tembo, mkuu wa baraza, alilitazama kila jioni, kisha akalala.

Pimbi alikuwa kijana, ndiyo kwanza ametoka masomoni. Pimbi hachimbi. Yeye huota jua juu ya jiwe, na kutoka kule juu huona nani kaingia wapi na katokea wapi. Siku moja akachukua mkaa, akachora jabalini: kila shimo nukta, kila njia mstari. Ukubwa wa shimo hakuuandika, wala cheo cha mwenyewe. Ndivyo alivyofanya mwanahisabati Leonhard Euler, mwaka 1736, juu ya swali la mji wa Königsberg: je, mtu aweza kuyavuka madaraja yake 7, kila moja mara moja tu? Urefu wa madaraja akautupa, upana wa mto akautupa, akabaki na kipi kimeungana na kipi. Jibu likajitokeza lenyewe: haiwezekani. Nadharia ya grafu inahesabiwa kuanzia hapo. Naipenda elimu hii kwa sababu humlazimisha msomi kusahau nani ni mkubwa.

Pimbi akafuta nukta moja, akatazama, akairudisha, akafuta nyingine. Alipoifuta ya Tembo, hakuna kilichoharibika. Ya Ngiri, vivyo hivyo, kwani njia za kuzunguka zilikuwapo. Alipoifuta ile ndogo ya Mhanga, mchoro ulikatika vipande viwili: kijiji huku, uwele kule. Atakayelishika shimo lile ameshika ghala.

Akaenda barazani.

“Mbukwenyi! Shikamooni wazee wangu.”

“Marahaba, mjukuu.”

Akaeleza. Tembo akakunja uso. “Na mchoro huu ukimfikia Fisi?”

“Babu, Fisi ana pua na ana usiku mzima. Njia hizi anazijua. Sisi ndio hatuzijui.”

Baraza likaamuru jabali lioshwe, na miiba iongezwe.

Wakati huo Fisi alikwisha kufika, tena si kwa kuvunja. Alimwendea Mhanga kwa adabu. “Shikamoo babu. Nakuona unachimba peke yako na mgongo unakuuma. Nikubebee udongo?” Mhanga alikuwa amechoka kweli. Majirani walimjia kulalamika tu: njia nyembamba, njia ina vumbi, mbona unachelewa? Fisi akabeba udongo misimu miwili ya mvua, asiibe hata punje. Mwishowe Mhanga akamwachia achimbe mwenyewe.

Nisidhaniwe nimeyatunga haya yote. Xz ni programu ndogo ya kubana mafaili, na imo ndani ya mifumo mingi ya Linux duniani. Aliyeitunza aliifanya kazi hiyo kwa kujitolea, miaka mingi, karibu peke yake. Akaja msaidizi mpole, akaaminiwa kwa zaidi ya miaka 2, kisha mwaka 2024 akapenyeza mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta yake kunachelewa kama nusu sekunde. Wengi wetu tungeipuuza nusu sekunde. Yeye akaifuatilia, na tarehe 29 Machi akautangazia ulimwengu.

Pimbi naye alizoea kuona watoto wa Ngiri wakitokea upande wa pili kabla Kanga hajalia mara ya tatu. Asubuhi moja Kanga akalia mara ya nne ndipo wakatokea. Hakurudi barazani. Akashuka jabalini, akaingia chini ya ardhi kwa mara ya kwanza maishani, akipapasa kuta gizani, mpaka akafika mahali upepo ulipovuma kutoka ubavuni. Nyuma ya majani makavu palikuwa na njia mpya, pana, iendayo vichakani, nayo inanuka Fisi.

Akawaita Ngiri na Nungunungu. Wakaifukia kwa mawe kabla jua halijazama. Huko juu wazee walikuwa wakifunga miiba mipya langoni.

Giza lilipoingia Pimbi hakupanda jiweni kwake. Alikwenda mpaka ndani kabisa, akamkuta mzee amejikunja, makucha yamelika.

“Babu,” akasema, “umekula?”