Kijani cha Kukopa

Msimu wa maembe ukifika sokoni mjini Wote, huwezi kumlaghai mama muuzaji kwa rangi. Anajua embe la Tommy Atkins hupaka mashavu wekundu likiwa bado gumu ndani. Ataliminya karibu na kikonyo, atalinusa, ndipo azungumze bei.

Sasa mpe simu. Programu ya mkopo inafunguka na kitufe cha kijani kilichojaza nusu ya kioo: KUBALI. Chini yake, kijivu juu ya nyeupe, vimaandishi vya kusaka kwa miwani: riba, ada, siku ya kulipa. “Ghairi” nayo imefifishwa, utadhani imeharibika. Hapo hakuna kuminya wala kunusa. Kidole kinakwenda kwenye kijani chenyewe. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, vibanda vya kijani vimetufunza rangi ya pesa ilivyo. Wabunifu wanasema wanamrahisishia mtumiaji. Mtumiaji wa nini, hawamalizii.

Siku ya kulipa ikipita, kioo kinakuwa chekundu, na deni linaandikwa kwa herufi nene zinazosomeka hata juani. Kumbe herufi kubwa zilikuwepo muda wote!

Mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni kwa wakopeshaji wa kidijitali: wasitishe, wasitukane, wasiwapigie simu jamaa za mdaiwa kiholela. Vizuri sana. Kijivu, kwa bahati yake, hakikuwa kimemtukana mtu.