Barua ya Wazi kwa Wenye Michezo ya Simu, Kuhusu Mteja Wao wa Miaka Saba

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi wa makampuni yatengenezayo michezo ya simu, popote walipo,

Baada ya salamu na taadhima inayowastahiki watu wenye mali nyingi kama ninyi, napenda kwanza kuwashukuru kwa majibu yenu, ambayo sisi wazazi huyapokea kila tunapouliza fedha zetu zimekwenda wapi, na ambayo, kwa adabu isiyobadilika hata nukta, hutuarifu kwamba ununuzi umekamilika, mteja ameridhia masharti, na kilichonunuliwa hakirudishwi. Mteja huyo, katika nyumba yangu, ana umri wa miaka saba. Mwezi wa Ramadhani hufunga mpaka adhuhuri, kisha hula wali, wala hakuna shehe aliyepata kumlaumu, kwa kuwa dini imemsamehe mpaka abaleghe. Akitumwa sukari dukani, sukari huja nayo, lakini chenji huiacha huko huko. Na sheria ya nchi haimruhusu kupiga kura, kuoa, wala kuingia katika nyumba ya kamari mpaka atimize miaka 18. Ni ninyi tu, waheshimiwa, katika ulimwengu mzima, mliomtambua kuwa mtu mwenye akili timamu, awezaye kufunga akdi usiku, chini ya shuka, na kampuni iliyo ng'ambo ya bahari.

Kwa kuwa heshima hiyo mmekwisha kumpa, ombi langu kubwa ni kwamba muikamilishe. Masharti aliyoyaridhia ni marefu, nami sidhani kama kampuni yenye insafu inaweza kupokea ridhaa ya mteja wake juu ya maneno asiyopata kuyasikia. Basi naomba mniletee karani. Awe mtu mzima, mwenye tai na mkoba, aje baada ya sala ya isha, avue viatu mlangoni, akae juu ya mkeka kando ya kitanda cha mteja, amsomee masharti yote kwa Kiswahili fasaha, kifungu baada ya kifungu, pasi na kuruka hata kimoja. Mteja wenu ana mazoea ya kuuliza, hivyo karani awe na subira: akifika kwenye usuluhishi wa migogoro ataulizwa kama mgogoro una meno, na akifika pale pasemapo kwamba almasi za mchezo zilizolipiwa si mali ya mnunuzi, bali ni ruhusa tu ya kuzitumia, ruhusa ambayo kampuni yaweza kuifuta wakati wowote ipendapo, ataulizwa, "Mbona nimezilipia?" na hapo, tafadhali, asikohoe wala asitazame saa. Mteja akisinzia, karani afunge mkoba wake arudi kesho yake. Chai na mahamri vitakuwa juu yangu. Usomaji ukiisha, baada ya majuma matatu au manne, ndipo mteja atie kidole chake, na mimi sitakuwa na neno tena.

Maombi mengine ni madogo. Bei iandikwe kwa shilingi, isiandikwe kwa almasi ziuzwazo mia mia ilhali kofia ya shujaa ni almasi mia na ishirini. Kitufe cha kukataa kilingane na cha kukubali. Ngoma za gurudumu la bahati zinyamaze saa mbili usiku.

Ama kuhusu sanduku la bahati, lile la mchezoni linunuliwalo likiwa limefungwa, mnunuzi asijue kilichomo, nakumbuka kwamba mwezi wa Juni 2019 mjumbe wa kampuni ya michezo ya Electronic Arts, mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, alilifananisha na mayai ya chokoleti yenye vitu vya kuchezea ndani, tena akaona halina kasoro ya maadili. Yai hilo nalijua. Kila yai lina kitu chake, na mwenye duka hajapata kumfuata mtoto chumbani kumwonya kwamba nusu saa ikipita yai la dhahabu litatoweka. Lakini katika mchezo wa Genshin Impact, kwa kila jaribio, nafasi ya kumpata mhusika wa nyota tano ni 0.6 kwa mia. Hakikisho huja kwenye jaribio la 90, na hata hapo huenda asiwe yule aliyetamaniwa. Tume ya kamari ya Ubelgiji haikuona yai: mwaka 2018 ilitamka kwamba masanduku ya kulipia katika michezo kadhaa, FIFA 18 ikiwamo, ni kamari.

Nanyi mwajua. Mwajua umri wa mteja wenu, kwa kuwa rangi zile na vikatuni vile hamkuvichora kwa ajili ya babu yake. Mnatia mkono katika ada ya shule kwa kidole cha mtoto, kisha mnatuambia kidole kilikuwa na hiari yake. Huo ni wizi, na mwizi aingiaye dirishani angalau hatuandikii kutushukuru kwa kumchagua.

Niwieni radhi, hasira imeitangulia kalamu. Nilikuwa nikiulizia fedha. Mwaka 2014 Apple ilikubali kuwarudishia wateja wa Marekani dola zisizopungua milioni 32.5, baada ya kubainika kwamba neno la siri likiisha kuandikwa mara moja, mlango ulibaki wazi kwa robo saa na mtoto akanunua atakavyo. Mwezi wa Desemba 2022 kampuni ya michezo ya Epic Games nayo ikakubali kurudisha dola milioni 245, ikiwa imeshitakiwa, pamoja na mengine, kwa kuwafungia akaunti wale waliothubutu kudai benki fedha zao. Kumbe kilichonunuliwa hurudishwa, mradi anayedai awe na serikali nyuma yake. Nasi huku Mombasa tukidai, twajibiwa kwamba haiwezekani, na kwa kuwa sitaki kuwadhania ubaya, nachukulia kuwa tatizo ni umbali, ingawa fedha yetu, ilipokuwa ikija kwenu, ilifika kabla mtoto hajainua kidole.

Karani wenu akija, aje nayo.

Ndimi mwenye simu,
Mzazi wa mteja wenu