Mluzi Upewe Kiti cha Mbele

Sisi wa Garsen hatuna uhaba wa vitu vya kusifu. Maembe yanasifiwa, mpunga unasifiwa, ng'ombe wa Waorma husifiwa na wenyewe hadi usiku wa manane, na tangu 2012 delta yetu ya Tana imo hata katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zinazothaminiwa duniani. Lucian, mwandishi wa kale wa Kigiriki, alimtungia sifa hata nzi. Lakini sijaona aliyejitokeza kukisifu kitu kinachosafiri nasi kila siku kutoka Garsen hadi Malindi bila kulipa nauli, nacho ni ule mluzi unaotoka kwenye spika za matatu.

Asiyeujua hajapanda magari yetu. Dereva akiwasha injini, unaanza kwa mbali, mwembamba. Akikanyaga mafuta, unapanda. Akibadilisha gia, unashuka, kisha unaanza kupanda tena. Muziki ukipigwa kwa nguvu unajificha. Wimbo ukiisha na mwingine haujaanza, unabaki peke yake ukumbini. Mama mmoja aliyempakata kuku wake aliwahi kumwuliza makanga, "Mwanangu, hicho kinyenje chenu hakichoki?" Makanga akamjibu kwa adabu zote, "Hicho ni cha gari, mama. Tulinunua nacho."

Anayesifiwa hutajwa nasaba yake, na mluzi una nasaba ya kutajika. Baba yake ni altaneta, ile inayozungushwa na mkanda wa injini ili kuchaji betri. Umeme wa altaneta huzaliwa ukienda mbele na kurudi nyuma. Daiodi huunyoosha, ila hazimalizi kazi, hubaki vijiwimbi. Altaneta ikizunguka kwa kasi vijiwimbi husongamana na sauti hupanda. Mama yake ni ethi mbovu, yaani ule waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari. Redio imefungwa ethi yake kule kwenye dashibodi, amplifaya imefungwa ya kwake nyuma chini ya kiti, na kati ya sehemu hizo mbili za bodi hujitokeza tofauti ndogo ya volti, ndogo hata balbu haiitambui. Umeme haukosi njia: hupita kwenye ganda la waya za RCA, zile zinazoleta muziki kutoka redioni. Basi amplifaya haibagui. Ikiletewa wimbo wa msanii mkubwa inaukuza, ikiletewa kijiwimbi kisicho na jina wala ukoo mjini inakikuza vilevile. Nawajua waheshimiwa waliochaguliwa kwa kura nyingi ambao hawana usawa huo.

Wengi humlaumu wufa, kwa kuwa ndiye mkubwa na anaonekana. Wanamwonea. Wufa amekatiwa sauti zote nyembamba, anaachiwa besi tu. Mluzi hupitia spika ndogo za milangoni. Kosa la wufa ni jingine, na ni zuri pia: usiku, akipiga besi na betri ikiwa imechoka, taa za mbele hufifia na kuwaka kwa kufuata mdundo. Ng'ombe waliolala barabarani upande wa Minjila husimama na kutazama. Ukiniuliza mimi, ni hatari tupu. Lakini leo nasifu.

Sifa kuu ya mluzi ni ukweli. Tangu kanuni za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zianze kutumika mwaka 2004, matatu hutakiwa kuwa na kidhibiti mwendo kisichoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa. Kidhibiti mwendo huweza kunyamazishwa na mtu mwenye koleo na dakika chache. Mshale wa spidomita umelala kwenye sifuri tangu enzi za mwenye gari wa kwanza. Dereva atakwambia anaenda polepole, mama. Mluzi haujapokea kitu kidogo kutoka kwa yeyote: mguu ukizama, unasema. Ni kweli kwamba unapima mzunguko wa injini na si wa magurudumu, kwa hiyo gari likikwama matopeni kwenye gia ya kwanza utadhani tumeshafika Mombasa. Hata hivyo, steji nzima ya Garsen haina shahidi mwingine anayesema bila kuangalia nani yuko karibu.

Wapo watakaonitajia kanuni za mamlaka ya mazingira, NEMA, za mwaka 2009 zinazokataza kelele za kuudhi. Nawakumbusha tu kwamba nchi hii ya mdomo wa Tana ina deni kwa kelele. Fumo Liyongo, shujaa ambaye watu wa Kipini na Ozi humhesabu wao, alifungwa kwa minyororo gerezani, na mama yake akampelekea tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa. Angeikata minyororo vipi, walinzi wakiwa mlangoni? Ilipigwa ngoma ya gungu, kukawa na pembe na matoazi, na katika makelele hayo tupa ikafanya kazi bila kusikika. Kungekuwa kimya usiku ule, tusingekuwa na habari zake za kusimulia.

Mluzi pia ni mwalimu. Bila yeye, vijana wetu wangejulia wapi namna ya kutafuta ubaya? Nimemtazama fundi chini ya mwarobaini hapa Garsen, injini ikiwa inanguruma, kiti cha nyuma kimeng'olewa. Kwanza hakugusa chochote. Alimwambia dereva apige resi, akasikiliza, akatikisa kichwa. Injini ikazimwa, redio ikaachwa, mluzi ukakata: basi ni umeme wa altaneta, si redio yenyewe. Ikawashwa tena. Akachomoa waya za RCA kwenye amplifaya. Kimya. Maana yake amplifaya haina hatia, inaletewa uchafu. Akarudisha waya, akafuata ule mweusi wa ethi kwa vidole hadi mwisho wake, akakuta umefungwa kwenye bolti ya kiti, juu ya rangi, juu ya kutu, na juu ya kutu pana tope lililokauka. Tope hilo ni la kwetu. Gari lililopita kwenye maji ya Novemba 2023, mafuriko yalipoikata barabara ya Lamu pale Lango la Simba, hubaki na hati yake ya kusafiria chini ya zulia. Fundi alikwaruza kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akakata waya mpya mfupi, mnene sawa na ule mwekundu unaotoka kwenye betri, akakaza kwa spana. Halafu akauhamisha ule mwekundu upande wa kulia wa gari, waya za RCA zikabaki kushoto, maana zikilala pamoja zinaambukizana.

Nisiwasahau jamaa zake mluzi. Kuna taa nyekundu ya amplifaya, ambayo huwaka waya za spika zikigusana au mtu akiibebesha wufa kupita kiasi. Hapo amplifaya hugoma, haipigi hata kidogo, na haidai posho ili irudi kazini. Ondoa kilichoigomesha, izime, iwashe, itapiga. Na kuna yule mwenye gari aliyenunua wufa wawili kwa pesa za maembe, akamfunga mmoja waya zikiwa kinyume. Mmoja anasukuma hewa, mwenzake anaivuta, na besi yote inaliwa humo humo ndani. Mwenye gari akaongeza sauti, besi isitoke. Fundi alichukua kijibetri kidogo cha volti moja na nusu, akagusisha kwenye waya za wufa wa kwanza: koni ikatoka nje. Wa pili: ikaingia ndani. Abiria wa siti ya nyuma, waliokuwa wakisafiri kwa raha kwa mara ya kwanza, walimsihi asiseme.

Alisema, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Na ule mluzi, baada ya ethi kufungwa vizuri, ulikufa kabisa. Gari likatoka kwenda Malindi likiwa safi. Kabla ya kufika mbali, dereva akaanza kusikia beringi ya altaneta inavyosaga, mkanda unavyolia, na mlango wa nyuma unavyogonga. Abiria nao wakaanza kusikiana, na waliposikiana wakagundua kwamba watatu kati yao hawajarudishiwa chenji. Jioni makanga ndiye aliyekuja kwa fundi, akiulizia kama ule waya wa zamani umeshatupwa.