Bahari Imechelewa

Nyumbani kwetu Dodoma kuna ubao mweupe ukutani, karibu na friji, na ubao huo ndio unaotutawala. Mimi na mke wangu tulifunga ndoa mbele ya mashahidi na tukaahidiana mengi, lakini hakuna ahadi tunayoishika kama ratiba ya mwanetu. Ana miaka tisa, ana usonji, na tangu ajue kusoma saa hatujawahi kuchelewa kula. Uji saa 1:00. Mswaki saa 1:20. Ikifika saa 1:22 mswaki haujaingia mdomoni, kuna kesi. Dada yake alimpachika jina la Steshenimasta, likamkaa kama sare.

Wazo la kwenda baharini lilikuwa langu, nakiri. Wazazi wa watoto kama huyu tunashauriwa tusiwashtukize: safari itanguliwe na picha, kila hatua na picha yake na saa yake, ili mtoto aifahamu kabla haijamfika. Basi nikakaa mezani siku mbili nikichora. Treni niliipa matairi manne. "Treni haina matairi," akanirudishia karatasi. Boti ikatoka kama kiatu. Kazi iliyonipendeza ilikuwa bahari: nilipaka bluu karatasi nzima, kona hadi kona, na juu yake nikaandika kwa wino mwekundu: SAA 4:00 ASUBUHI, BAHARI. Mke wangu akaipeleka kwa vijana wa fotokopi wakaivika plastiki ngumu isilowe. Plastiki ile ndiyo iliyotuponza, maana kilichovikwa plastiki hakifutiki.

Treni ya mwendokasi ilikwenda salama. Steshenimasta alikaa dirishani, masikioni kavaa yale mahedifoni makubwa ya kuzuia kelele, mkononi simu ya mama yake yenye programu ya kuonyesha mwendo. Behewa zima lilitangaziwa tulipofika kilomita 120 kwa saa, likatangaziwa 140, na tulipogusa 160, ambao ndio mwisho wa treni ile, akapiga makofi na abiria watatu wakamsindikiza. Kijana wa kiti cha mbele akageuka.

"Unasikiliza nini, dogo?"

"Sisikilizi."

"Sasa hayo mahedifoni?"

"Ndiyo maana."

Kijana akanyamaza mpaka Morogoro.

Kosa la kwanza nililifanya Unguja, tuliposhuka boti bandarini Malindi njaa imetubana. Mtoto wetu hali chakula kilichogusana. Wali una upande wake, maharage yana upande wake, na katikati kuna mpaka. Mchuzi ukivuka mpaka, sahani inarudi jikoni. Nami, kwa akili zangu timamu, nikamwagizia urojo. Bakuli moja lina viazi, bagia, kachori, mshikaki, chatini ya nazi, chipsi za muhogo zilizopondwapondwa, na juu yake ule mchuzi mzito wa njano wa kuhakikisha hakuna kilichobaki peke yake. Alilitazama bakuli kama mtu anayetazama ajali ya basi. Halafu akasema taratibu, "Baba, vyote vimegusana." Nikala mabakuli mawili. Yeye alikula ndizi, na ili yaishe nikamnunulia firimbi pale Darajani. Hilo ndilo kosa la pili, na mke wangu hadi leo hulitaja kama la kwanza.

Barabara ya kwenda Jambiani, tulikopanga kulala, inapita msitu wa Jozani, wenye kima punju ambao watu wanapanda ndege kutoka nchi za mbali kuja kuwatazama, kwa kuwa asili yao ni Unguja tu. Siku hiyo walikuwa watano au sita, pembeni kabisa ya lami, bure. Dereva akasimamisha gari. Steshenimasta akafumba macho. Alikuwa anahesabu matuta ya barabarani, ameshafika la kumi na saba, na kima wangemvurugia hesabu.

Asubuhi yake tukajipanga. Uji, mafuta ya kuzuia jua, kofia, mahedifoni, na mabuti ya mvua, kwa sababu mchanga ukimgusa nyayo ni kama umemwagiwa maji ya moto. Saa 3:55 tukatoka kwenye nyumba ya wageni kwa mstari, yeye mbele na picha yake ya plastiki. Saa 4:00 kamili tukafika ufukweni.

Bahari haikuwepo.

Sitanii. Palikuwa na mchanga mweupe, vidimbwi, majani, na vijiti vimechomekwa safu kwa safu, na mbali sana, karibu kilomita nzima, mstari mweupe wa mawimbi yakivunjikia kwenye mwamba. Sisi wa Dodoma tunajua mto unakauka. Hakuna aliyetuambia na bahari nayo inaondoka.

Steshenimasta akainyanyua picha, akailinganisha na mandhari. Bluu kona hadi kona. Akatazama saa yake. Akanigeukia.

"Bahari imechelewa."

Nikasema inakuja. Akauliza saa ngapi. Nikasema sasa hivi, na wazazi wenzangu mnajua kwamba mtoto huyu humwambii "sasa hivi" ila uwe umekwisha kukata tamaa ya maisha. Dakika tatu zilipopita kilio kikaanza. Si kilio cha deko hiki. Ni cha mtu aliyesimama kwenye sakafu na sakafu ikamponyoka. Kwa kawaida hujitupa chini. Safari hii aliinama ajitupe, akaukumbuka mchanga, akabaki analia wima, mabuti yameshikamana, picha kifuani.

Watu wakakusanyika. Papasi mmoja akatuuzia safari ya kwenda kuona pomboo. Mmasai mwenye shanga akachuchumaa pembeni kimya, bila kuuza kitu, na huyo namshukuru. Mgeni mmoja, wa bara kama sisi, akatoa ushauri wa bure kwamba akichapwa kidogo atanyamaza. Mke wangu akamjibu kwa sauti ya upole kabisa, "Kaka yangu, tukianza kuchapa hapa tutaanzia na wewe."

Aliyetuokoa alikuwa bibi mmoja aliyekuwa akirudi kutoka kule mbali, kanga kaifunga kiunoni, kiroba cha mwani kichwani. Nikamwamkia, akaitika, kisha akasikiliza kesi yetu kama hakimu.

"Saa nne, na bamvua hii? Nani kakwambieni, baba? Maji yamekupwa. Njooni alasiri."

Steshenimasta akakata kilio katikati. "Alasiri saa ngapi?"

"Baada ya sala, mjukuu wangu."

"Baada ya sala dakika ngapi?"

Bibi akacheka mpaka akatua kiroba. Akamweleza kwamba mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hukupwa sana na kujaa sana, ndiyo bamvua. Katikati yake huja maji mafu, yasiyokwenda mbali. Wao wanaolima mwani hulisubiri bamvua kwa hamu, ndipo wanapozifikia kamba zao. Dada mtu tayari alikuwa kwenye simu akiisaka ratiba ya maji. Ipo! Kupwa mara mbili, kujaa mara mbili, na saa zake na dakika zake, mpaka mwakani. Siku ile kujaa kulikuwa saa 10:12 alasiri.

Nilimwona mwanangu akiisoma ile ratiba. Nimeshaona watu wakisoma barua za uchumba, na sikuona uso kama ule. Tatizo lilikuwa moja tu: kila siku maji husogea mbele, kwa wastani dakika 50 hivi.

"Kwa nini kesho si saa ileile?"

"Kwa sababu ya mwezi."

"Nani anauruhusu?"

Sikuwa na jibu. Bibi akasema, "Mwenyezi Mungu," na Steshenimasta akaandika hivyo kwenye daftari, safu ya Mhusika.

Saa 10:12 bahari ilikuwa imefika hadi kwenye ngazi za nyumba ya wageni, bluu kona hadi kona. Akaingia na mabuti yake mpaka magotini, mabuti yakajaa maji, akasimama palepale akitabasamu na bahari nzima. Nikavua shati nimfuate. Kabla sijalowa kiuno, kengele ya saa yake ikalia. Ratiba yetu, kwa tahadhari za mama mtu, ilitoa dakika 15. Akatoka, akamimina maji ya buti la kulia, akamimina la kushoto, akaenda kula. Nilipiga hesabu ya treni, boti, teksi na vyumba, nikaigawa kwa dakika 15. Jibu nimemficha mke wangu.

Kuanzia hapo likizo ikawa ya kazi. Alichomeka kijiti chake ufukweni na kila maji yalipokigusa akapuliza firimbi. Wageni waliokuwa wanabahatisha kuogelea wakaanza kumuuliza yeye. Kina mama wa mwani wakipita humwita, "Bwana Saa, twende au tusiende?" naye hufungua daftari. Yule bibi akawa anakaa naye kibarazani akifunga mbegu za mwani kwenye kamba, akimsimulia kwamba kilimo hicho kiliingia visiwani mwaka 1989 na kwamba mwani wao husafirishwa ng'ambo, huko ukaingia hata kwenye dawa ya meno. Hapo aliniharibia. Jioni yake Steshenimasta aliutema mswaki. Dawa ya meno na mwani vimegusana. Wiki nzima alisugua meno kwa maji matupu, saa 1:20 kamili.

Siku ya mwisho vijana wa kijiji walikuwa wanacheza mpira kwenye mchanga ulioachwa na maji, pambano la mitaa miwili, watazamaji tele. Zimebaki dakika chache, sare, mshambuliaji anakwenda peke yake na kipa. Maji yakakigusa kijiti. Firimbi ikalia, ndefu, yenye mamlaka. Mabeki wakasimama. Kipa akasimama, mikono kiunoni. Mshambuliaji hakusimama. Goli. Ugomvi uliofuata sikuuona wote kwa kuwa nilikuwa nambeba refa wa bahari nikikimbia, lakini nilisikia upande mmoja ukidai ni ofsaidi na mwingine ukidai ni maji kujaa.

Wakati wa kurudi matuta yalipungua moja. Dereva, Mungu amweke, akaapa kwamba liliondolewa jana usiku. Tukaiwahi boti.

Sasa tupo Dodoma, mwendo wa mamia ya kilomita kutoka maji ya chumvi, na ubao wa karibu na friji una safu mpya. Juzi saa tano kasorobo za usiku, mtaa umelala, firimbi ikalia dirishani kwetu, ndefu, yenye mamlaka. Mbwa wakaitika. Taa zikawaka nyumba sita. Mzee wa jirani akatoka mbio na rungu, kajifunga shuka, akidhani ni mwizi, akanikuta getini na kaptula nikijiandaa kuomba radhi. Nikamweleza ukweli, kwa sababu uongo ungekuwa mrefu zaidi: kwamba hakuna mwizi, ni kwamba kule Jambiani, muda huu, maji yamejaa.

Mzee akateremsha rungu, akafikiri kidogo.

"Yamefika wapi?" akauliza.