Nyumba kwa Lori: Mwongozo kwa Aliyeunguliwa na Mwenye Haraka

Januari 7, 2025, upepo wa Santa Ana uliisukuma mioto miwili ndani ya makazi ya watu pembezoni mwa Los Angeles. Wa Palisades ulishuka hadi baharini. Wa Eaton ulitoka milimani na kuteketeza sehemu kubwa ya Altadena. Majengo zaidi ya 16,000 yaliangamia. Baada ya moto huja wageni wa kila aina, na mmoja wao ni muuzaji wa nyumba zinazoundwa kiwandani, mwenye picha nzuri na ahadi fupi: miezi mitatu.

Wazo lenyewe si baya. Mtaa mzima ukiungua, wote hugombea mafundi walewale, na kiwanda kilicho mbali hakijali foleni hiyo wala mvua. Huku msingi unachimbwa, kule kuta zinasimama. Ila mwongozo huu haukuandikwa kwa watu wa kupima faida na hasara. Umeandikwa kwa ajili yako, ndugu yangu uliyeunguliwa, uliyechoka kulala kwa shemeji, na usiyependa maswali mengi. Fuata hatua kwa mpangilio huu huu.

Hatua ya 1: Chagua jiko, lipa

Anza na kabati za jikoni. Ukishapenda rangi, toa kishika uchumba, tena kikubwa, ili muuzaji ajue huna mchezo. Usiulize fedha zako zinawekwa wapi wala zitarudije kiwanda kikifungwa. Viwanda vikubwa havifungwi. Kampuni ya Katerra, kwa mfano, ilikusanya takriban dola bilioni 2 za wawekezaji ikaahidi kuugeuza ujenzi wote kuwa kazi ya kiwandani, na ilidumu vizuri kabisa mpaka Juni 2021, ilipoomba kinga ya mufilisi.

Usihangaike pia na leseni ya mkandarasi. California mtu yeyote anaweza kuikagua kwenye tovuti ya bodi ya serikali bila kulipa hata senti, na kitu cha bure kina thamani gani? Kweli, kufanya ukandarasi bila leseni katika eneo lililotangazwa la maafa ni kosa kubwa la jinai katika jimbo hilo. Lakini huyu wako anaonekana mstaarabu.

Hatua ya 2: Nyumba ni nyumba

Muuzaji akisema "nyumba ya kisasa ya kiwandani", itikia kwa kichwa. Watu wenye wasiwasi ndio hudai kujua ni ipi. Ipo inayojengwa juu ya chesisi ya chuma isiyotolewa kamwe, kwa kanuni ya serikali ya shirikisho inayotumika tangu Juni 1976. Ipo ya moduli, yaani masanduku makubwa yenye vyumba ndani yake, inayofuata kanuni zilezile za jimbo zinazoifunga nyumba iliyojengwa papo hapo. Na ipo ya paneli, inayokuja kuta zikiwa zimelazwa, mafundi waje kuzisimamisha.

Kwenye picha zote tatu zina dirisha pana na kiti cha kubembea. Benki, kampuni ya bima na ofisi ya vibali huziona kuwa vitu vitatu mbalimbali, lakini hao hutawaalika kwenye sherehe ya kuhamia. Babu zetu wa biashara hii walikuwa wagumu zaidi. Kampuni ya Sears, iliyouza nyumba kwa katalogi kuanzia 1908 hadi 1940, ilimwonyesha mteja aina na bei, kisha ikampelekea mbao kwa treni pamoja na maelekezo ya kuzijenga. Wewe hubebeshwi mzigo wa kujua.

Hatua ya 3: Barabara utaipima siku ya lori

Moduli moja inaweza kufika upana wa futi 16. Njia za milimani zina kona, miti iliyonusurika na nyaya za umeme zilizorudishwa juzi. Usipite na muuzaji kuzikagua. Ngojea lori lifike, likwame, ndipo mzungumze. Kreni nayo inahitaji mahali tambarare pa kusimama na nafasi ya kuzungusha mkono wake, na hulipiwa hata ikishinda inatazama mandhari.

Baada ya tetemeko na moto wa San Francisco wa 1906, vibanda vya mbao zaidi ya 5,000 vilijengwa kambini kwa ajili ya waathirika, na wengi baadaye walivivuta kwa farasi hadi kwenye viwanja vyao. Umeona? Mambo haya hujipanga yenyewe.

Hatua ya 4: Ikikaguliwa kiwandani, yameisha

Sanduku lina kibandiko cha ukaguzi wa jimbo. Basi tulia. Msingi, mabomba, umeme na namna sanduku linavyofungwa chini ni kazi ya mkaguzi wa mji au kaunti, naye atakuja kwa wakati wake. Ukisikia kwamba vibali vimeharakishwa kwa wanaorudisha nyumba isiyozidi asilimia 110 ya ile iliyoungua, chagua modeli kubwa zaidi ya hapo. Unastahili.

Na usiulize modeli hiyo ilichorwa kwa ajili ya wapi. Katika maeneo ya hatari, kanuni za California tangu 2008 zinataka paa lisiloshika moto, vioo vinavyohimili joto, na matundu ya hewa yanayozuia cheche. Nyumba nyingi huwashwa na cheche zinazopeperuka mbele ya moto na kupenya kwenye dari, si na ukuta wa moto unaoonekana kwenye televisheni. Lakini matundu ya plastiki ni bei chee.

Hatua ya 5: Ardhi haikimbii

Kiwanja utakitazama nyumba ikiwa njiani. Kifusi cha moto si majivu tu. Kuna asbesto, madini ya risasi, na betri za magari ya umeme zinazohitaji wataalamu. Msingi wa zamani uliopikwa na moto unaonekana imara, na mhandisi akiukataa kubeba nyumba mpya, mwambie hana imani.

Majirani wa Paradise, mji wa kaskazini ulioteketea Novemba 2018 katika moto ulioua watu 85, wangekusimulia kuhusu benzini iliyokutwa kwenye mabomba ya maji baada ya moto, na kuhusu mji usio na mfumo wa majitaka, ambako kila kiwanja kinategemea shimo lake. Shimo ndilo linaloamua idadi ya vyumba. Wewe ulishanunua vinne.

Hatua ya 6: Mwishoni kabisa, fungua bahasha ya bima

Sasa soma mkataba wako. Huenda ukagundua kwamba kiasi ulichokatia bima ni cha bei za zamani. Hundi imeandikwa majina mawili, lako na la benki iliyokukopesha, na benki huiachia fedha hatua kwa hatua, kadiri inavyoona jengo likisimama kiwanjani. Kiwanda kinataka chake kabla lori halijawashwa. Kati ya wawili hao, pengo ni lako.

Bima ya kodi ya makazi ya muda hudumu angalau miezi 24 baada ya maafa yaliyotangazwa, na inaweza kuongezwa miezi mingine isiyozidi 12 ikiwa una sababu nzuri. Kusubiri kreni kwa sababu ya kona moja ni hadithi utakayoipamba vizuri.

Kisha uliza nani ataikatia bima nyumba mpya. Kampuni nyingi zimeyakimbia maeneo hayo, na wengi huishia kwenye FAIR Plan, bima ya kimbilio la mwisho, yenye gharama kubwa na kinga finyu.

Ukishafika hapa, umemaliza mwongozo. Na kama bado hujatoa kishika uchumba, anza na hatua ya 6 ukirudi hadi ya 1. Hatua ni zilezile. Ukizipanda kutoka chini, kiwanda kitakutendea haki.