Senje, Mwanao Yuko Hai

Guangzhou,
Oktoba 22, usiku

Kwako Senje,

Mwanao yuko hai, ana afya, na miguu yake yote miwili bado anayo, ingawa kwa sasa hataki kuikanyagia. Najua mmeshinda siku tatu hapo Lurambi mkingoja ujumbe wake, na bila shaka umeshamtuma mtu kwa pasta. Hakupotea. Huku WhatsApp haifunguki kwa intaneti ya hoteli. Facebook vilevile, Google vilevile. Nilimwambia hayo kabla hajatoka Kakamega, akanijibu nisimtishe. Basi barua hii anakuletea mwenyewe, imo kwenye mfuko wa pembeni wa begi jeusi. Nimeibandika gundi ili asiisome njiani. Ukikuta imefunguliwa, mnyime chai.

Nianze na kosa lake kubwa, tulimalize. Mwanao alikuja kwa ajili ya Maonyesho ya Canton, yale ambayo tangu 1957 yanawaleta wanunuzi wa dunia nzima hapa, mara mbili kwa mwaka. Alisikia ni Oktoba 15 hadi Novemba 4, akakata tiketi. Hakuuliza zaidi. Kumbe yanafanyika kwa awamu tatu, na kati ya awamu na awamu kumbi hufungwa ili bidhaa zibadilishwe. Awamu ya kwanza ilikwisha tarehe 19. Yeye akatua tarehe 20 mchana. Ya pili inaanza tarehe 23 asubuhi. Yeye anaruka tarehe 23 alfajiri. Senje, hata mtu akipewa kalenda na rula, kukosea kwa ustadi namna hiyo ni kipaji.

Nilipomweleza pale uwanja wa ndege alinyamaza kidogo, kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. "Hakuna shida," akasema. "Nina orodha."

Orodha yenyewe unaijua, maana namba saba hadi kumi na mbili ni mwandiko wako. Vitu 31. Kuka anataka dawa ya magoti. Mjomba anataka mashine ya kukamua miwa. Jirani anataka spika za matanga, zile za kusikika mpaka Khayega. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, mwanao ameongeza "sehemu za kuona", tisa. Siku nne kwenye tiketi, mbili na nusu kwa miguu, na jiji lenye mamilioni ya watu.

Jioni ileile tukaenda kuutazama Mnara wa Canton. Una mita 600, ulifunguliwa 2010, na kwa vile umebanwa katikati, wenyeji wameupachika jina la Kiuno Chembamba. Mwanao aliutazama ukibadilika rangi juu ya Mto Lulu, akapiga hesabu kwamba ni kama Mwamba Unaolia wa kwetu Ilesi mara kumi na tano, kisha akatoa hukumu: "Huyu hajala ugali." Akapiga picha, akafuta namba moja kwenye karatasi, akaniuliza kinachofuata.

Saa tisa usiku akanigongea mlango. Amevaa, amechana nywele. Huku tumewatangulia saa tano, kwa hiyo mwili wake uliamini ni saa nne usiku ya Kakamega na kwamba taarifa ya habari ndiyo inakwisha. Tukakaa tukitazama ukuta hadi kukakucha.

Siku ya pili ilikuwa mbio tupu. Katika bustani ya Yuexiu kuna sanamu ya mbuzi watano. Wenyeji wanasimulia kwamba zamani, wakati wa njaa, malaika watano walishuka wamewapanda mbuzi hao, wakawapa watu masuke ya mpunga, wakarudi zao mbinguni, na mbuzi wakageuka mawe. Ndiyo maana Guangzhou huitwa Jiji la Mbuzi. Mwanao akasikiliza hadi mwisho, akauliza: "Wakati wa njaa? Mbuzi watano, na hakuna aliyechinja hata mmoja?"

Tukakimbia hadi Barabara ya Beijing. Pale wamefunika shimo kwa kioo ili uone chini ya miguu yako barabara za kale, tabaka 11, moja juu ya nyingine, kurudi hadi enzi za Tang. Mwanao aliinama akazihesabu. Njia moja imetengenezwa mara kumi na moja! Tukaikumbuka ile ya kwetu, ambayo inangoja tabaka lake la kwanza tangu nikiwa darasa la tatu.

Alasiri ikawa zamu ya soko la mikoba kule Sanyuanli. Hapo lugha ni kalkuleta. Muuzaji aliandika 60, akamgeuzia mwanao. Mwanao akaandika 15. Muuzaji akacheka, akamwita mwenzake aje naye acheke, akaandika 55. Walibishana hivyo bila neno hata moja mpaka wakafika 32, wakapeana mkono kama wakwe. Hapo ndipo nilipomtafsiria jambo dogo: bei hiyo ni ya jumla. Mwanao alitaka mkoba mmoja, wako. Ameleta 24, wote wa zambarau. Usishtuke ukiona nusu ya akina mama wa kanisani wamekuiga.

Njiani alisimama kununua viazi vitamu vya kuchoma kwa bibi mmoja mwenye mkokoteni. Akatoa noti. Bibi akatingisha kichwa, akamwonyesha kadi yenye alama ya kulipia kwa simu, imening'inia shingoni kama kitambulisho. Mwanao, badala ya kuaibika, akavimba kifua, akamhutubia bibi wa watu kwa Kiswahili kwamba sisi tumekuwa tukilipa kwa M-Pesa tangu 2007. Nililipa mimi.

Leo asubuhi miguu yake ilikuwa imevimba kama mihogo, na dawa ya magoti ya Kuka nimeikuta imepungua kwenye chupa. Bado alikuwa na sehemu sita kwenye karatasi. Nikamwambia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikamnyang'anya orodha, nikamwongoza kwenye nyumba ya chai karibu na ninapoishi.

Ukumbi umejaa wazee, kelele kama soko, na meza unagawana na yeyote aliyepo. Tukaketi na mzee mmoja na mkewe. Chai ya kwanza ikamiminwa bakulini, na kabla sijafungua mdomo mwanao ameibugia yote, akajipangusa. Senje, ile ni ya kuoshea vyombo. Bibi alicheka mpaka akashika meza, kisha akamkabidhi birika na kumwonyesha: osha bakuli, osha kikombe, osha vijiti, mwaga. Nikasema moyoni, jembe limepatikana.

Vikaja vikapu vya mianzi vinavyofuka mvuke. Kimoja kilikuwa na miguu ya kuku, ile tunayowaachia watoto, na huku inaitwa makucha ya feniksi. Mwanao akauliza imondo iko wapi. Nikatafsiri kwamba kwetu firigisi ni haki ya mwenye nyumba. Mzee hakusema kitu. Alimnyooshea mkewe kidole.

Kila bibi alipommiminia mumewe chai, mzee aligonga meza kwa vidole viwili. Ndiyo shukrani yao. Wanasimulia kwamba mfalme Qianlong alikuwa akitembea amejificha kama raia, akammiminia mtumishi wake chai. Mtumishi asingeweza kupiga magoti bila kumfichua bwana wake, basi akakunja vidole, vikapiga magoti kwa niaba yake. Mwanao hakujua hadithi hiyo. Alisikia mtu anapiga ngoma, akajibu kwa isukuti. Ngoma hiyo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kati ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na leo mwanao ameilinda juu ya meza ya watu. Mzee aliinua kijiti, akatafuta mdundo, akaupoteza, akaupata.

Tulikaa pale mpaka wakaanza kupanga meza za chakula cha mchana. Mwanao hakupiga picha hata moja, wala hakuiulizia karatasi. Jioni, akifunga begi, hakutaja mnara, hakutaja mbuzi. Aliniuliza kama yule mzee huwa pale kila siku.

Orodha nimebaki nayo, kwa hiyo mtu akidai spika, anidai mimi. Akifika, mmiminie chai. Ukimwona anagonga meza, usidhani anadai mandazi.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.